Kadi ya Watu Sita

Mimi napenda wageni. Siku ile binti wa bima alipofika hapa ufukweni, nikiwa naanika dagaa, nilimkaribisha kwa kicheko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, kaa, usiogope harufu, ndiyo marashi yetu!"

Akaeleza. Kwa sisi tusio na mwajiri kuna bima, kaya nzima inaingia kadi moja, watu sita. Mkizidi, wa saba anaongezwa. Nikafurahi kweli. Mwajiri wangu mimi ni jua, na jua halimpeleki mtu hospitali.

Akafungua fomu. "Bibi, mko wangapi hapa nyumbani?"

Hapo nikarudi kugeuza dagaa. Mama yangu alinifundisha watu hawahesabiwi. Kuku, mihogo, hesabu utakavyo. Watu ukiwataja idadi unamwonyesha kifo mlango.

"Tupo tu," nikamwambia. "Tupo wengi."

"Sita inatosha?"

"Inatosha."

Akatupiga picha tuliokuwepo: mimi, binti yangu, na watoto wake wanne. Mzee, mume wangu, alikuwa amevuka ziwa kwenda Nansio kumzika kaka yake. Wala hakunijia kichwani.

Aliporudi nikamwonyesha kadi. Akaigeuza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi simo? Afadhali! Kifo kikija na orodha kitawakuta ninyi."

"Twende akuongeze."

"Mwakani, mama. Mguu wenyewe huu bado unacheza ngoma."

Mguu ule ule. Siku moja akiwa anashona nyavu akachomwa na ndoana kwenye kidole cha mguu. Kidonda hakikukauka. Tukaweka majani, tukaweka chumvi, kikazidi kunuka. Basi tukaenda hospitali, nikiwa nimeshika kadi yangu kama kitambulisho cha rais.

Dada wa dirishani akatazama, akatazama tena. "Bibi, huyu hayumo."

"Hayumo vipi? Ndiye mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ndiye uliyemsahau?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, aibu tu. Wakampima, sukari imepanda, alazwe. Mfukoni hatuna cha kulazia mtu. Nikamtafuta yule binti wa bima mpaka ofisini kwao, Buzuruga. Akamwandika siku ile ile, ila akasema jina litaanza kufanya kazi baada ya mwezi.

Tukarudi nyumbani kuusubiri mwezi. Mzee akawa ananiuliza kila asubuhi, "Sijaingia tu?" Namwambia, "Bado kidogo, baba." Siku aliyoacha kuuliza, mwezi ulikuwa haujaisha.

Mwaka huu binti wa bima amerudi. Nikamkaribisha, ila harufu ya dagaa sikuitania. Akafungua fomu.

"Bibi, mko wangapi?"

Nikahesabu kwa sauti, kidole kwa kidole, mama anisamehe huko aliko. Nikarudia, maana nilitaka nipate mwingine.

"Sita," nikamwambia. "Safari hii tumeenea."