Sauti yangu kwenye simu ya benki

Leo benki imetusikilizisha sauti yangu nikiwa na miaka tisa.

Mama anadai arudishiwe pesa za bima ya mkopo wa nyumba yetu ya mtaa wa Rissne. Bima hiyo huwalipa wenye ajira ya kudumu tu, na Mama hulipwa kwa saa.

Afisa akasema, "Lakini mlikubali." Akatuwekea rekodi ya simu.

Kumbe mkalimani nilikuwa mimi! "Mama anasema ndiyo," nilimjibu muuzaji wa bima kwa Kiswidi. Wala sikumuuliza Mama. Nilitaka kurudi kwenye katuni.

Nikalia pale pale.

"Usilie, mwanangu," Mama akasema. "Mwambie walimuuzia mtoto."

Nimemwambia. Ameandika malalamiko yetu, tunasubiri barua ya jibu.

Nanyi mliowatafsiria wazazi, mliwahi kusema ndiyo ambayo wao hawakuisema?