Niliapa Mbele ya Watu Kwamba Simu Yangu Haikuguswa na Asidi

Msinitafutie sababu. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote, tumbo limeshiba na suruali imepigwa pasi. Siku hizi nina hasira na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ananyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo changu.

Ninafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha shaba hapa Kolwezi. Niko ukumbi wa elektrolizi, pale ambapo mabamba ya shaba yanakua ndani ya mabeseni ya asidi. Mvuke wa ile asidi hautulii chini. Unawasha macho, unakwaruza koo na unatoboa nguo. Mtu wa ukumbi wetu utamjua kwa vitundu vidogo vidogo kwenye mikono ya shati. Mke wangu amechoka kushona.

Simu haziruhusiwi kuingia mule. Ukikamatwa nayo unarudishwa nyumbani, na kazi imekwisha. Kila mtu anaiacha ya kwake getini, ndani ya sanduku la mbao, anapewa jetoni, kibati chenye namba, na jioni anachukua simu yake. Wenzangu wote wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa.

Lakini mimi nilikuwa nimenunua simu mpya! Kubwa, nyembamba, inang'aa, na garanti ya mwaka mzima kwenye karatasi yenye muhuri, kwamba ikiharibika duka linanipa nyingine. Simu kama ile ilale sanduku moja na visimu vya wenzangu, vingine vimefungwa kwa mpira? Halafu yule mlinzi wa getini, ambaye vidole vyake havikauki mafuta ya karanga, aishike? Haiwezekani!

Basi bwana mwerevu nikafanya hivi. Nilikuwa na kisimu cha zamani, kimekufa siku nyingi. Hicho ndicho nilichokuwa nikimkabidhi mlinzi kila asubuhi, napokea jetoni na kumshukuru vizuri kabisa. Ile mpya inapita ndani ya soksi. Nikishaingia naihamishia mfuko wa shati, chini ya ovaroli, inakaa na mimi kutwa nzima karibu na mabeseni.

Na kwa kazi gani? Hakuna! Nilikuwa naenda chooni kuitazama tu.

Mwezi wa tatu tangu niinunue ikaanza kukataa chaji. Siku moja ikazima na haikuwaka tena. Naomba mnielewe hapa: si kweli kwamba sikujua. Nilijua dakika ile ile, nimekaa kitandani na waya wa chaji mkononi. Nikaangalia mikono ya shati langu, nikaangalia simu. Kisha nikavaa shati la Jumapili na kwenda dukani kudai garanti.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Fundi wao alikuwa mama mmoja kijana, aliyetoka Sandoa na watoto wawili. Nitamwita Shaloti, ingawa si jina lake. Alikuwa na meza ndogo pembeni, taa, kioo cha kukuzia, na bisibisi zake ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilipoona fundi ni mwanamke, nikacheka puani. Ndiyo, nilicheka.

Akafungua simu taratibu. Akaniita nisogee kuona. Ndani, pale inapoingia chaji, kulikuwa kumeota ukijani, ule ule ambao sisi watu wa huku tunauona kwenye mawe tangu utotoni.

“Tata, iyi haiko mayi,” akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. “Mayi haifanyake vile. Iyi ni acide njo ilikula. Munatumikaka wapi?”

Aliniuliza kwa heshima ninafanya kazi wapi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu! Ningesema tu, mama, ni kweli, nimekosa, nisaidie kama unaweza. Tungeyamaliza pale pale, sisi wawili.

“Mi ni mutu ya bureau!” nikapaza sauti, eti mimi ni mtu wa ofisini. “Acide ntaitosha wapi? Mu kalamu? Munauzisha bitu ya kufa, kisha munatafuta kusingizia bantu!”

Watu wakageuka. Nikaona wanageuka, na nikafurahi. Nikainua karatasi ya garanti juu kama mtu anayepiga mnada. Patroni, mwenye duka, akatoka nyuma ya kaunta, akaniomba nitulie. Shaloti akamwambia vile vile alivyoniambia, kwamba ni asidi, na garanti haihusu asidi.

“Lete Biblia!” nikasema.

Mama mmoja mteja alikuwa nayo kwenye mkoba. Alinipa. Nami, mwimbaji wa kwaya, mtu anayesoma somo la kwanza mbele ya parokia nzima, nikaweka mkono juu na kuapa kwamba simu ile haijawahi kukaribia asidi hata siku moja. Sauti haikutetemeka. Nilivyoapa vizuri! Mama mwenye Biblia akaitikia “Amina.”

Shaloti aliangalia mkono wangu juu ya Biblia, kisha akaangalia mwisho wa mkono wa shati. Lilikuwa shati la Jumapili, halina tundu. Nilijisifu moyoni kwa kuwa na akili ya kubadilisha shati.

Patroni alikataa bado. Basi nikaenda nyumbani na kuchukua simu ya mke wangu. Kwa wiki nzima nilituma sauti kwenye makundi yote: la kwaya, la wazazi wa shule, la majirani wa mtaa wetu wa Dilala, la ndugu zetu walioko Dilolo. Nilisema duka lile linauza maiti za simu. Nilisema wamemweka fundi ambaye hajui tofauti ya simu na pasi. Watu walicheka, wakapeleka mbele kwa wengine. Mpaka dereva wa taksi-moto ambaye simjui akaniigiza sauti yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa nyuma yake!

Wiki ya pili patroni akanipigia. Wateja wamepungua. Akasema nije nichukue simu mpya, tumalize.

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mimi nikadai na msamaha: “Na ule mama aniombe pardon. Mbele ya bantu.”

Akamwita. Duka lilikuwa na watu wanne au watano hivi. Shaloti akasimama, anapangusa mikono kwenye kitenge. Patroni akamwambia aombe pardon ili maneno yaishe.

“Patron, mi niliona acide,” akasema. “Nikiomba pardon, kesho mutu akiniletea telefone, ntamwambia nini? Siombe pardon juu ya kweli.”

“Basi kazi iko muzito kwako,” patroni akasema. Hakumtazama.

Ndivyo Shaloti alivyofukuzwa: akakusanya bisibisi zake, akazitia ndani ya kopo la maziwa, akachukua kioo chake, akatoka. Alipita karibu yangu kabisa. Mimi nilikuwa nabandua plastiki kwenye simu mpya.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu ushindi wangu. Nilitegemea acheke. Yeye alikuwa ameshika ovaroli yangu, anashona tundu.

“Ulimuapia mutoto ya bantu uongo, na ulijua?” akaniuliza.

Nikamwambia mambo ya wanaume aniachie. Sindano ikaendelea. Hakuniuliza tena mpaka leo, ila tangu siku ile, nikiwakaripia watoto kwamba wasiseme uongo, yeye anakohoa. Anakohoa tu! Watoto wamekwisha kumwelewa. Mkubwa naye ameanza kukohoa.

Mnadhani nilijifunza? Simu ya pili nayo niliipitisha ndani ya soksi! Mpumbavu wa kawaida anaumwa mara moja. Mimi nilisema moyoni kwamba safari hii nitaifunga ndani ya mfuko wa sukari. Miezi minne, kijani. Ikazima.

Dukani nisingeweza kurudi. Nikazunguka kwa mafundi wote ninaowajua, wakaifungua na kuifunga, wakasema imekwisha. Wa mwisho akaniambia, “Iyi unaweza jaribisha kwa mama moja wa ku Dilala. Njo anajuaka bitu ya kuoza.” Akanielekeza: meza ndogo chini ya mwavuli, jirani na wauza unga.

Nilitoka kazini, nimechoka, na shati la kazi. Mmekwisha kujua nani alikuwa pale. Mimi nililijua kopo la maziwa kabla sijamwona yeye.

Ningeweza kugeuka. Miguu ilikwisha kufika. Yeye akainua macho, akanitambua, akanyoosha mkono kupokea simu kama ya mteja yeyote. Nilimpa.

Akaifungua. Akaangalia muda mrefu ndani ya kioo chake. Halafu akaangalia mikono ya shati langu, tundu moja moja, hana haraka.

“Acide ile ile,” akasema.

Nikaanza kubwabwaja. Nikamwambia kuhusu ukumbi, sanduku la mbao, soksi, yote. Nikasema pardon, pardon, mama. Yule mwanamke niliyemchekea puani sasa nilimwita mama mara tano kwa pumzi moja. Alinisikiliza huku akisugua ule ukijani kwa mswaki na dawa, kidogo kidogo. Muuza unga naye alikuwa anasikiliza, amesahau kumpimia mteja wake.

Ilichukua jioni nzima. Alibadilisha kipande cha chaji, akachomea, akapuliza. Simu ikawaka! Nikatia mkono mfukoni kutoa pesa.

“Makuta yako ubakie nayo,” akasema. “Pardon yako nayo hapana nipe hapa. Hapa hakuna mutu aliniona muongo. Enda kule kwa patron, siku ya posho, bantu bakiwa mingi. Useme ni acide. Njo bei yangu.”

Nikasema ndiyo. Kwa mdomo huu huu ulioapa, nikasema, “Ndiyo, mama, Jumamosi niko pale.”

Jumamosi ile nilioga, nikavaa lile shati la Jumapili, nikafika mpaka ng'ambo ya barabara. Duka lilikuwa limejaa. Pale mezani pa Shaloti alikaa kijana mwingine, anacheza na bisibisi. Nikahesabu nyuso: wawili wanatoka kiwandani kwetu. Nikiingia na kusema asidi, jioni hiyo hiyo getini watajua kwamba naingia na simu. Nitarudishwa nyumbani. Na mimi nina watoto.

Yeye naye ana watoto! Hilo nalijua, msinikumbushe.

Niligeuka. Jumamosi iliyofuata sikufika hata kwenye ile barabara. Sasa naenda kazini kwa njia ndefu ili nisipite kwenye mwavuli wake, na kwenye kwaya nimeomba mwingine asome somo la kwanza kwa sababu, nilisema, koo linanisumbua. Wakaniombea. Waliniombea koo langu!

Wewe unayesoma, ukimwona fundi anakwambia kitu cha aibu kwa sauti ya chini, jua anakuhurumia. Mjibu kwa sauti ya chini vile vile. Usipande juu ya meza kutafuta watu wa kukushangilia, maana ukipanda, utahitaji roho ya kushuka mbele ya watu hao hao, na mimi roho hiyo sina.

Na kama umenunua simu na unafanya kazi kiwandani, iache getini, kwenye sanduku, pamoja na visimu vya wenzako. Mlinzi hana neno. Vidole vyake ni visafi kuliko vyangu.

Mtauliza jina langu. Mtauliza kwa nini nimeliambia jiji zima jambo ambalo nilitakiwa kuliambia duka moja. Ni kwa sababu hapa, kwenye maandishi yasiyo na jina, hakuna anayeniona. Nimeyaandika haya kwa kidole kimoja, nimejifungia chooni, kwenye simu aliyoitengeneza Shaloti. Inafanya kazi vizuri kabisa, na bei yake sijalipa.