Picha ya Mfungaji Aliyekaa Chini

Miaka ya themanini klabu ya vijana wa mtaa wetu, hapa Malindi, ilikuwa na chumba kimoja na uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu. Ukutani mwa chumba kile zilitundikwa picha za wachezaji walioipa klabu jina. Mimi sikuwahi kucheza. Nilikuwa nasomesha chuo cha Kurani jirani na hapo, na wengi wao walipitia mkekani kwangu kabla ya kushika mpira. Kwa ajili hiyo walinipa kazi moja, kuuliza swali.

Mzee aliyeianzisha klabu alikuwa ameacha desturi. Kabla ya picha kutundikwa, waliocheza na mtu huyo huulizwa kama tunavyoulizwa tukishamsalia maiti: "Mnamshuhudia vipi?" Wakijibu "Mtu mwema," msumari unapigwa. Akikataa mmoja tu, picha inarudi kabatini. Hadi wakati ule hakuna aliyekuwa amekataa.

Kisha ikaletwa picha ya mfungaji wetu mrefu. Alikuwa amepata kazi Uarabuni, na alitaka kuuacha mji akiwa ukutani. Hakusema, lakini alivaa kanzu mpya siku ya kikao.

Kwa mchezo hakuwa na mfano. Nilimwona kwa macho yangu akirusha mpira kutoka mbali, akageuka kurudi nyuma kabla haujaingia, kwa kuwa alijua utaingia. Watu walitoka Muyeye kwa miguu kuja kumtazama. Lakini ulimi wake ulikuwa mzigo. Mwenzake akikosa kudaka alimwita gunia la nazi mbele ya halaiki. Na katika fainali moja tuliyoendea Kilifi, wenzake walipochoka na matusi wakamnyima mpira, alikaa chini katikati ya uwanja, akakunja miguu kama mtu angojaye hotuba ya Ijumaa. Mchezo ukaendelea kumzunguka. Tukafungwa.

Kikao kilikuwa mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alasiri. Picha ilikuwa mezani bila fremu. Nililiona hilo mara moja, kwa sababu fremu zote za ukuta ule zilitengenezwa na nahodha wa timu, ambaye ni seremala. Yeye alisimama mlangoni, mikono kifuani. Wazee wa barazani walikuwa wameingia na kahawa yao kutazama.

Nikauliza kwa sauti ile ninayoitumia makaburini, maana sina nyingine: "Mnamshuhudia vipi mtu huyu?"

Kabla mchezaji yeyote hajafungua mdomo, wazee wakaitikia pamoja, kwa mazoea: "Mtu mwema!" Mmoja wao akainua mikono kabisa. "Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, ampanulie kaburi lake."

"Babu, mimi bado nipo," mfungaji akasema.

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa nahodha. "Hiyo haihesabiki," alisema. "Hawa wameitikia maiti. Hata uwanjani hawaji. Maalim, tuulize sisi."

Nikawauliza wao. Wengine wakasema mtu mwema, kwa sauti ndogo. Nahodha akasema, "Mimi siwezi. Alitukalia chini."

Mfungaji akaichukua kofia yake akatoka. Picha ikarudi kabatini.

Niliwaza juu ya jambo lile Ramadhani nzima. Wako waliosema kipaji ni cha Mungu, na anayekidharau amemdharau aliyekitoa. Wako waliosema ukuta ule ni wa kufundishia watoto. Nami niliona wote wana hoja, nikamwomba Mola atuonyeshe njia.

Baada ya Idi mfungaji alianza kupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kama afanyavyo kila msafiri kwetu. Akafika kwangu.

"Maalim, shikamoo. Nilichokukosea nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe. Kwa seremala umepita?"

"Nimepita."

"Umeingia?"

"Niliishia mlangoni."

Nikavaa viatu tukaenda pamoja.

Nahodha alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Aliniamkia mimi, kisha akaendelea na randa.

"Nasafiri kesho," mfungaji alisema.

"Nimesikia."

"Siku ile ya Kilifi nilikosa."

"Na gunia la nazi?"

"Na hilo pia."

"Gunia lenyewe ni mimi, kama umesahau."

"Sijasahau. Lakini wallahi, kaka, ulikuwa hudaki!"

Randa ikasimama. Nikadhani yameharibika. Nahodha akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Mtu huyu! Hata radhi anaomba huku ananishinda!" Akajifuta mkono, akampa. "Nimekusamehe. Lakini mwema sisemi."

"Sikukuomba useme," mfungaji akajibu. Wakashikana mikono muda mrefu kuliko kawaida ya salamu. Asubuhi yake akaondoka.

Ijumaa iliyofuata nahodha alikuja klabu na fremu ya mninga, iliyopigwa msasa ikawa laini kama kioo. Mwenyekiti wa klabu akaitoa picha kabatini, nami nikauliza tena. Wachezaji wengine wakaitikia kama mwanzo. Nahodha akasema, "Alitushinda sote kwa mchezo. Alitutesa. Nami nimemsamehe."

Mwenyekiti akanigeukia. "Maalim, hiyo inatosha? Desturi ni kusema mtu mwema."

Nikamwambia shahidi huulizwa alichokiona, na huyu amekisema chote. Pepo haimo mikononi mwetu kumpa mtu wala kumnyima, lakini ukuta huu ni wetu, na klabu hii haikufika fainali yoyote bila kijana yule. Hivyo ndivyo nilivyoona siku ile, na mpaka leo sijaona vingine.

Msumari ukapigwa. Nahodha aliinyoosha fremu kwa kidole, akarudi nyuma kuitazama. Pichani mfungaji ameshika mpira na uso ameugeuzia upande.

"Mwoneni," nahodha akasema. "Hata hapo anatazama kikapu, sisi hana habari nasi."

Adhana ikaanza. Tukafunga chumba, tukaenda kusali.