Lazaro Azima Gari Tambarare

Shemeji yangu Lazaro Tluway aliendesha watalii kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, kampuni ilimuuzia gari lile lile alilozeekea ndani yake: jipu la dizeli, lile watu wanaloliita mkonga, lenye sauti ya mashine ya kusaga, paa la kufunguka, na redio ya upepo ya kuitana na madereva wenzake, ambayo hakuna aliyekumbuka kuing'oa. Dada yangu Selestina alitaka ng'ombe wa maziwa. Akaletewa kitu kinachokunywa kuliko ng'ombe, na maziwa hakitoi.

Mimi Josephati gari hilo nalijua kwa mgongo, maana viti vya nyuma springi zake zimekwisha. Ukipanda tu, Lazaro anageuka, anakagua mikanda, anasema, "Karibuni sana. Leo tutatoka Oldeani, tutapita kwenye mashamba ya kahawa, na sokoni Karatu tutafika saa tatu na nusu." Wewe unakwenda kununua mbolea, yeye anakupa maelezo ya safari! Siku tuliyompeleka Selestina kung'oa jino, shavu limeumuka kama andazi, Lazaro alisimama njiani kumwonyesha tai juu ya mti. Selestina hakumtazama tai. Alimtazama mumewe, na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Akisimama kwa mnyama, lazima azime injini. Ndiyo adabu ya kazi yao, mnyama asipigiwe kelele na mgeni apige picha bila kutikiswa. Mkono wake unakwenda kwenye ufunguo wenyewe, haumwombi ruhusa. Shida ni kwamba stata ya gari lile ilikwisha kufa, na Lazaro hataki kuitengeneza. Anasema Oldeani ina miteremko ya bure. Nyumbani huliegesha juu ya boma, pua ikitazama bondeni. Asubuhi anaachia breki, linaserereka, anatia gia ya pili, linakohoa moshi mweusi, linawaka. Mjini huliacha likinguruma huku yeye akichagua vitunguu. Sheria ni moja tu: lisizimwe tambarare.

Sasa, Lazaro ana binti mmoja, Sifa, muuguzi. Sifa alizaliwa baba yake akiwa Ndutu na wageni. Akabatizwa, baba yuko Serengeti. Kipaimara, baba yuko Kreta na wageni wengine. Mahafali ya chuo, baba alituma salamu. Kwa hiyo Sifa alipochumbiwa, Lazaro alitangaza kwamba atampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari lake, na atafika kwa wakati. Nilimshauri tukodi gari dogo lenye stata. Alininunia wiki nzima.

Na wakati wenyewe haukuwa wa kuchezea. Padre Emilian huanza misa ya ndoa saa nne kamili. Maharusi wakichelewa, anawahamishia Jumamosi inayofuata, na alikwisha kumrudisha bwana harusi mmoja na keki yake.

Jumamosi hiyo tukatoka mapema, ukungu bado uko kwenye mikahawa. Selestina alikuwa ametangulia kanisani, kwa hiyo tulikuwa watatu. Gauni la Sifa lilijaa kiti kizima, ikabidi asimame na kutokeza kichwa kwenye paa, shela likipepea. Lazaro alivaa suti, akatoa maelezo ya safari. Tulikwenda vizuri mpaka pale barabara inaponyooka kando ya shamba kubwa la kahawa. Hapo alikuwa amesimama dume la tembo, ametoka msituni, anachuma majani hana haraka na mtu.

Lazaro akasimamisha gari. Mkono ukaenda. Kimya.

"Kushoto kwenu," alinong'ona, kisha akautazama ufunguo.

"Shemeji," nikamwambia, "umezima."

"Nimezima."

"Hapa ni tambarare."

"Naona, Josephati. Nina macho."

Nilikasirika, sifichi. Kushuka tusukume haiwezekani, tembo yuko hatua thelathini. Saa yangu ilisema saa tatu na dakika kumi, na mpaka kanisani bado nusu saa nzima. Lazaro akachukua redio, akamwita Koinet, dereva ambaye Lazaro mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Koinet, gari limenizimikia barabara ya Oldeani. Nina bibi harusi."

"Aisee, pole sana mzee wangu. Nina wageni, muda wa geti la hifadhi unanibana. Mjaribu Supeet."

Supeet naye alikuwa na wageni, na geti lilimbana vilevile. Lazaro akairudisha redio polepole. Alikuwa amepungua ndani ya suti yake.

"Nisamehe, mama," alimwambia bintiye. "Sherehe zako zote sikuwepo. Na hii niliyokuwepo nimeiharibu kwa mkono wangu."

Niliogopa Sifa analia huko juu. Kisha sauti ikashuka kutoka juu ya paa. "Baba, yule ni dume?"

"Dume."

"Umejuaje?"

Lazaro akaanza kujibu kwa Kiingereza, mazoea ya kazi.

"Kiswahili, baba."

Akaanza upya. Alimweleza kwamba paji la dume ni la mviringo, la jike limekunjika kama kona. Kwamba pembe ya kulia ya huyu imelika kuliko ya kushoto, kwa sababu tembo ana upande anaoutumia zaidi, kama sisi tulivyo na mkono wa kulia. Kwamba mashimo yale juu ya macho ni uzee, huyu amepita miaka arobaini. Sifa aliuliza, naye akajibu. Mimi nilikuwa na hasira zangu, lakini nikajikuta nimeinua shingo nitazame lile paji.

Mwishowe tembo akashiba, akaingia kwenye kahawa, akapotea, lakini gari zito lile nisingeweza kulisukuma peke yangu. Sifa akanyoosha mkono chini. "Mjomba, nipe redio."

Nikampa.

"Madoadoa," akasema, ametulia kabisa. "Barabara ya Oldeani, kwenye mnyoosho wa kahawa. Ana watoto wawili. Yuko wazi."

Madoadoa kwa lugha ya madereva ni chui, hawamtaji jina redioni wageni wasipandishe mori. Lazaro aliruka kitini kama aliyekalia siafu. Miaka thelathini na mmoja, redio yake haikuwahi kutoa uongo! Ndiyo maana waliamini. Wote waliobanwa na geti wakapata nafasi mara moja. Haikupita robo saa, vumbi likatimka, magari matano yakatokea, wageni wamekwisha kusimama na kamera ndefu kama chupa za chai. Wakamkuta bibi harusi.

"Mzee, umetudanganya!" Koinet alifoka.

"Si mimi," alisema Lazaro, mtu mzima na suti yake.

Wageni hawakukasirika hata kidogo. Walipiga picha mpaka nikachoka kwa niaba yao, kisha wakashuka wakasukuma, bibi mmoja mwenye mvi akiwa mbele kabisa. Gari likakohoa, likawaka, na moshi ukaacha alama nyeusi kwenye shela. Magari yote matano yakatusindikiza.

Tulifika saa nne na dakika ishirini. Padre Emilian alikuwa mlangoni, anatazama saa.

"Mzee Lazaro. Dakika ishirini."

"Padre, kosa ni langu," alisema Lazaro, kichwa chini.

"Padre," Sifa akaingilia, "baba alikuwa ananionyesha tembo."

"Tembo? Wewe umezaliwa Oldeani, hujawahi kuona tembo?"

"Nimewaona sana," Sifa alisema. "Ila baba hajawahi kunionyesha."

Padre akamtazama Lazaro, ambaye alikuwa anahangaika kutafuta leso kwenye mifuko yote ya suti. Akauvuta mkono wa kanzu yake mpaka ukaifunika saa, akapisha mlangoni, tukaingia.