Mashudu ya Marehemu

Kazi yangu kiwandani ni kupasha maji na kupanga vikombe katika chumba cha kuonjea chai. Maji ya chai ya kijani hayaachwi yakatokota, yakitokota yanababua majani. Ni mimi pekee ninayejua kikombe kipi ni cha shamba la nani. Mwonjaji haambiwi, asije akapendelea watu wake, nami nimekula kiapo cha kufunga mdomo.

Mwonjaji wetu tulimwita Bwana Ulimi, wala hakuchukia. Nilimtania sana, mpaka mkewe alipofariki. Huyo mama alilima chai mteremkoni nyuma ya nyumba yao. Kila mvua zilipokaribia alifukia mashudu ya alizeti na samadi iliyooza vizuri katikati ya mistari. Wenzake waliomwaga mbolea ya dukani, urea, walichuma mara mbili yake, lakini chai yao ilikwaruza koo. Ya kwake ilikuwa na utamu mzito, kama mchuzi wa mifupa, uliokaa mdomoni muda mrefu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Bwana Ulimi alionja kikombe cha nne akasimama kama mtu aliyeitwa. Alinitazama. Kilikuwa cha shamba la marehemu mkewe. Mbolea ile hutoa chakula chake polepole, na mizizi ilikuwa bado inakula alichoiwekea marehemu. Tuliishi hivyo mwaka mzima. Alikuja mapema, akaonja haraka haraka mpaka alipomkuta, ndipo akatulia. Mimi nilikiogopa kikombe kile, sifichi. Nilikiosha cha mwisho siku zote.

Hofu ya Bwana Ulimi ilikuwa moja tu, ladha ile isije ikaisha. Shamba lilikuwa mikononi mwa binti yao sasa, na baba yake alimsihi aendelee na mashudu vilevile. Binti aliitikia kwa adabu.

Mvua zilizofuata, majani ya binti yalikuja makubwa, kijani kibichi cha kuvutia macho. Bwana Ulimi alipitia vikombe vyote kumi na viwili. Akarudia. Baada ya mara ya tatu akaniuliza kama kuna kimoja nimesahau. Huruma ilinishinda, nikavunja kiapo. Nikamwonyesha cha tisa.

Aliagiza binti aitwe palepale. Alikuja na matope miguuni, akasimama mlangoni. Baba yake akamuuliza, kwa upole wa kutisha, ameweka nini shambani.

"Urea. Nyingi, wiki mbili kabla ya kuchuma."

"Nani alikudanganya, mwanangu?"

"Hakuna. Nilijua itaharibu ladha." Machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Tangu mama afariki hujaniuliza hata siku moja nimeamkaje. Unamtafuta yeye huku, ukirudi nyumbani unapita mlangoni kwangu kama hapana mtu. Nilitaka umkose, baba. Nilijua ukimkosa utaniita."

Bwana Ulimi alichukua kalamu, akaandika kwamba chai ya kikombe cha tisa ni kali, majani yamekuzwa kwa pupa, haifai. Hakumpendelea. Kisha akavuta kiti, akampangusa binti matope kwa kitambaa chake cha kazi, akamuuliza kama amekula.

Binti alisema hajala tangu jana.