Mishumaa Myeusi ya Azarya

Alhamisi asubuhi, Azarya mwana wa Netira aliona mishumaa myeusi imepangwa mlangoni pa sinagogi. Hakuuliza ni ya nani. Mji mzima wa Tiberia ulijua.

Kwa vizazi vitano ukoo wake ulikuwa na kazi moja: mwandishi akishaandika herufi tupu za Maandiko kitabuni, wao walizitia irabu, yaani nukta na vijistari, ili msomaji asipotee. Azarya aliifanya miaka arobaini mpaka shingo ikapinda. Kama watu wote, aliamini nukta hizo zilishuka Sinai pamoja na Musa, zikasahauliwa, Ezra akazirudisha.

Mwezi uliopita, akifumua jalada la kitabu cha mababu, alikuta kipande cha ngozi. Mstari mmoja uliandikwa mara saba, kila mara nukta zikiwa mahali pengine, nyingine zimekwanguliwa. Pembeni, kwa mwandiko wa ukoo wake: “Hivi hapana. Tujaribu chini.”

Akawaonyesha wakuu wa sinagogi. Wakamwambia aape mbele ya watu, ameshika gombo la Torati, kwamba nukta ni za Sinai. Akikataa, watamzimia mishumaa myeusi na kumtenga. Aliyetengwa hasogelewi dhiraa nne, na akifa jeneza lake huwekewa jiwe, kama mtu aliyepigwa mawe.

“Mume wangu,” mkewe Sittuna alimwambia akimfunga kilemba, “kwani ulimi una mfupa? Sema ndiyo, urudi ule dengu.”

“Nikiapa uongo, hizo dengu zitashuka?”

“Zitashuka. Nitazisukuma mwenyewe kwa mwiko.”

Wakacheka. Lakini kilemba alichokifunga Sittuna kilifunguka mara mbili.

Ndani ya sinagogi salamu yake haikuitikiwa. Alipotaka kukaa, jirani yake Halfon, mtia samaki chumvi, alitandaza joho lake kwenye benchi.

“Pana mtu hapa, jirani.”

“Nani?”

Halfon akalivuta joho hadi ukingo wa benchi.

Rabi Mevasser alimkabidhi gombo. “Mzee wangu, nakusihi. Ukisema ni kazi ya watu, kesho kila mjinga atasoma apendavyo. Utatubomolea nyumba.”

“Nyumba hii waliijenga babu zangu, Rabi, nukta kwa nukta, mpaka wakapofuka. Mbona mnawaonea haya?”

“Apa.”

Azarya alilikunjua gombo polepole, akaligeuzia watu. “Nionyesheni nukta moja humu, niape.”

Hata mtoto alijua kwamba gombo lililotiwa nukta halifai kusomwa ibadani.

“Zilishuka kwa mdomo,” Rabi alisema chini chini.

“Sauti, ndiyo. Nukta ni zetu.”

Rabi alifumba macho, kisha akaashiria. Mishumaa ikawashwa. Pembe ya kondoo dume ikalia, ndefu, kama mnyama aliyenaswa. Wakaizima mishumaa mmoja mmoja, na Halfon ndiye aliyeuzima wa mwisho, akilia.

Azarya aliondoka. Watu walimpisha mbali, kama apishwavyo mwenye ukoma. Alipofika kizingitini, msomaji alikuwa ameanza somo la siku kutoka kwenye gombo, naye alikwama kwenye neno la tatu. Kitabu cha kusahihishia kilikuwa kando yake, kimetiwa nukta kwa mkono wa Azarya. Msomaji alikitazama. Rabi alikitazama. Hakuna aliyekigusa.

Azarya alilijua neno hilo. Midomo yake ilikwisha kulishika. Alisubiri aulizwe, na kimya kikazidi kuwa kirefu.