Kilima Kinachoitwa Gaju

Joyeuse Mukabalisa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishika chaki, mkono wake ulikimbia kama umefukuzwa. Nilisoma naye jiografia miaka mitatu katika chuo cha ualimu hapa Goma, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Ndosho, tukala sombe kwenye sahani moja. Kwa hiyo ninayosema juu yake nimeyaona, sikusimuliwa. Mengine niliyatenda mwenyewe, na ndiyo sababu nimechelewa kuyasema.

Alikuwa binti wa wafugaji wa Masisi. Mwaka 2007, vita vilipopanda tena kwenye vilima vya kule, baba yake aliuawa, ng'ombe wakasombwa wote, na mama yake, Mama Élisabeth, akateremka na watoto wadogo hadi kambi ya Mugunga. Joyeuse alikuwa tayari chuoni. Wajomba wakamshauri aache masomo akauze ndizi. Akawajibu kwamba ndizi hazitamtoa mama yake kambini, mshahara wa mwalimu utamtoa. Walisema ana kichwa kigumu, na kweli alikuwa nacho. Hakuwa na mpango mwingine wowote.

Mwaka wa tatu tulipelekwa staji. Staji ni hivi: unafundisha wanafunzi wa mwalimu mwingine, naye anakaa nyuma na daftari akikupima. Bila alama yake na sahihi yake, hakuna diploma. Joyeuse na mimi tuliwekwa chini ya Papa Honoré, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari ya Mapendo. Alivaa suti ya kahawia, na viatu vyake viling'aa hata barabara ikiwa mawe matupu ya volkano. Alituita "batoto yangu". Nilimpenda siku ya kwanza, sitaki kudanganya.

Ramani pekee ya ile shule ilikuwa ya Ulaya, na panya walikuwa wamekwisha kula Uhispania. Joyeuse alipewa somo la milima ya Masisi. Sasa utafundishaje mlima ambao wanafunzi hawauoni popote? Jumamosi tukatembea hadi Mugunga. Mama Élisabeth alisikiliza shida ya binti yake, kisha akainua macho kwenye paa la kibanda chake, ile shitingi, turubai jeupe ambalo wakimbizi hupewa.

"Kata hapa juu ya jiko," alisema.

"Mama, na mvua?"

"Mvua ikinyesha nitasogeza chungu. Miye niko na pa kusogea. Weye hauna."

Jumapili nzima tulikuwa sakafuni. Shitingi haitaki kutulia, inajikunja yenyewe. "Shika huko, Julie," aliniambia. "Usiache." Nikashika. Alichora bila kitabu, akifuata njia alizopita kwa miguu tangu utoto: bonde, mto, mteremko, soko. Alipofika pembeni alichora kilima kimoja cha mviringo, akaandika GAJU.

"Inaitwa Gaju kweli?" niliuliza.

"Kwetu tunaita vile."

Somo lilikwenda vizuri kuliko masomo yote niliyowahi kuona. Nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa wakimbizi. Walisimama kwenye madawati wakitafuta kwao, na hakuna aliyewakemea. Papa Honoré alimpa kumi na saba juu ya ishirini. Kisha akaikunja ramani yeye mwenyewe, taratibu sana.

"Iache kwa kabati yangu, binti," alisema. "Panya ya Ndosho haiheshimu kazi ya mutu."

Mwishoni mwa Oktoba 2008 vita vilifika mlangoni mwa mji. Askari waliokuwa wanakimbia walipora, shule zikafungwa. Zilipofunguliwa, Joyeuse alikwenda kudai ramani yake.

"Baliiba kabati yote," alisema Papa Honoré. "Hata brashi ya viatu yangu."

Viatu vyake siku hiyo viling'aa vilevile. Niliviona, sikuwaza. Kwetu vita ni kabati kubwa: kila kinachopotea kimo humo, na hakuna anayekwenda kukitafuta. Joyeuse alisema pole, akarudi nyumbani, akachora upya kwenye karatasi.

Julai iliyofuata alisimama na ramani hiyo mbele ya juri, yaani walimu watano wanaoamua kama umefuzu. Mwenyekiti alikuwa Madame Léocadie, mwanamke mkavu aliyependa ukweli, mradi umepigwa chapa. Papa Honoré alikaa kando na daftari la staji mapajani. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu.

Madame Léocadie alikunjua ramani mpya ya rangi, inayometameta. Shirika moja la misaada lilikuwa linaigawa mashuleni. Chini pameandikwa jina zima la Papa Honoré: ndiye aliyeichora.

"Mademoiselle, carte yako ni copie ya hii," alisema. "Kila muto, kila soko."

Joyeuse aliinama akaitazama. Niliona kidole chake kikitembea taratibu mpaka pembeni. Hapo palikuwa na pembetatu nyeusi ya kilima, na herufi safi: GAJU. Nilijua wakati huohuo alipojua yeye.

"Papa Honoré," alisema, "Gaju ni nini?"

"Ni mulima ya Masisi. Kila mutu anajua."

"Hapana, Papa. Gaju ni ng'ombe ya papa yangu, ile nyekundu. Alizalia pale juu. Kiisha papa akawa anatutuma: muende kwa Gaju, mulete kuni kwa Gaju. Majirani yetu Bahunde beko na jina yabo ya ile mulima. Gaju ni jina ya nyumba yetu tu. Miye njo nilikosea kuiandika."

Ukumbi ulicheka. Papa Honoré hakutoka hata tone la jasho.

"Wakati ya staji nilimuonyesha brouillon yangu, muchoro ya kwanza," alisema kwa upole. "Ile jina nilipewa na batu ya kule. Mutoto anachanganya."

Madame Léocadie akamgeukia Joyeuse. "Uko na shahidi?"

"Julie," alisema, bila kufikiri mara mbili. "Yeye njo alinishikia shitingi."

Watu wote wakanitazama. Alama zangu za staji zilikuwa bado hazijatiwa sahihi, na daftari lilikuwa palepale, juu ya mapaja ya suti ya kahawia. Papa Honoré aliweka kiganja juu yake, akanitabasamia kama baba.

"Sikumbuki muzuri, Madame," nilisema.

Maneno matatu. Joyeuse hakulia wala hakunitukana. Aliitikia kwa kichwa, akakusanya karatasi zake. Alifelishwa kwa wizi wa kazi ya mwalimu wake, na juri ikaongeza, kwa wino mwekundu, kwamba mwanajiografia haweki ng'ombe kwenye ramani. Ilimbidi arudie mwaka mzima. Mama Élisabeth naye akasogeza chungu mwaka mzima. Mimi nilifuzu siku hiyohiyo. Papa Honoré alitia sahihi, akaniita mutoto yangu.

Joyeuse alipopata diploma yake alimtoa mama yake kambini, kama alivyosema. Leo tunafundisha shule moja, Majengo, kwa maana Goma ni ndogo na adhabu ya Mungu haikosi njia. Ananisalimia kila asubuhi. Nikikosa chaki, ananigawia. Mwaka ule hajautaja hata mara moja, na mimi ningependelea matusi.

Ramani ya Masisi tuliyo nayo shuleni ni moja tu. Ni ileile. Anafundisha nayo kila mwaka, na jina la yule mwizi liko chini, mbele ya macho yake. Muhula uliopita alimwita ubaoni msichana mmoja, Bénita, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka kule, aonyeshe kwao.

"Kwetu ni hapa, Madame. Gaju."

"Nani alikuambia inaitwa Gaju?"

"Iko kwa carte, Madame. Hata ku masomo ya kule njo banafundisha vile."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekuja kuomba rejista. Yule ng'ombe aliliwa na watu wenye bunduki, baba aliyempa jina hana hata kaburi linalojulikana, na sasa mtoto wa watu anasoma Gaju kwenye ramani ya Honoré. Joyeuse akamwandikia alama zote.

Saa saba mvua ikaanza, na bati la darasa lile linavuja. Wanafunzi walikuwa wamekwisha toka. Joyeuse akapanda juu ya kiti, akaishusha ramani.

"Shika huko, Julie."

Nikashika. Aliikunja kutoka upande wake, polepole, mpaka vidole vyake vikagusa vyangu.

"Na hii," aliuliza, "utaikumbuka?"

Nikasema ndiyo. Darasani tulikuwa sisi wawili tu.